Kulitembelea Kasri la Masultani wa Unguja

Msafiri aingiaye bandari ya Unguja kwa chombo huona majumba matatu yamejipanga mbele ya mji. Mkono wa kuume ni Ngome Kongwe, yenye minara yake minene. Katikati ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ambayo sehemu yake kubwa iliporomoka mwaka 2020. Na mkono wa kushoto ni jumba refu jeupe lenye meno juu ya kuta zake kama boma la vita. Hilo jeupe ndilo Kasri. Masultani walikaa hapo, au katika nyumba zilizotangulia mahali hapo hapo, tangu zama za Seyyid Said bin Sultan hata asubuhi ya tarehe 12 Januari, 1964. Katika mwaka 1994 jumba hilo lilifanywa makumbusho, na mtu yeyote mwenye bei ya tikiti akaruhusiwa kupanda ngazi ambazo zamani hakuzipanda ila mwenye kuitwa.

Makusudi ya makala haya ni kumsaidia msomaji ambaye siku moja atapata nafasi ya kwenda Unguja, ili asije akapita katika vyumba vile kama mtu apitaye katika duka la vyombo vya nyumbani, akitazama kiti na kusema "Kizuri," akitazama meza na kusema "Kubwa," kisha akatoka nje kutafuta chakula. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Siwalaumu sana, maana vitu vya kifalme hung'ara, na kitu king'aacho hufumba macho yasione kilicho nyuma yake.

NYUMBA YA SULTANI NA WATU WA KENYA

Pengine msomaji wa bara atauliza: Mimi nalima mahindi na kufuga ng'ombe, nyumba ya Sultani wa Unguja yanihusu nini? Yamhusu zaidi ya adhaniavyo. Utawala wa masultani haukukomea kisiwani. Katika mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani waendeshe kwa niaba yake ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, wakimlipa pauni 11,000 kila mwaka. Ndiyo maana nchi hii ilipopewa jina la Kenya mwaka 1920, jina lake kamili likawa Koloni na Himaya: koloni ndiyo bara, na himaya ndiyo ule ukanda wa Sultani. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hata mwaka 1963, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ndipo ilipokubaliwa kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Kabla ya hayo yote, misafara iliyopanda kutoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu, mali yake ilipelekwa Unguja, ikahesabiwa na kutozwa ushuru katika forodha iliyokuwa hatua chache tu kutoka mlango wa Kasri. Basi mtu wa bara aingiapo humo haingii katika nyumba ya watu asiowajua. Babu yake huenda alibeba mzigo uliosaidia kuijenga.

KWANZA TAZAMA DARI

Mgeni aingiapo, macho yake huvutwa mara moja na vyombo. Mimi namshauri atazame juu kwanza. Nyumba za kale za Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimechukuliwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika maeneo kama delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Mti wa mkoko ni mgumu, na mchwa hauupendi, lakini una tabia moja: mti mnyofu wa kufaa kwa dari hauzidi sana urefu wa futi 9 au 10. Fundi hakuweza kuuvuta uwe mrefu zaidi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale, za maskini na za matajiri, vilikuwa vyembamba, virefu kama ushoroba. Mwenye mali aliongeza urefu wa chumba, akaongeza ghorofa, akaongeza nakshi za mlango. Upana alipangiwa na mkoko. Alipotaka ukumbi mpana hapana budi aagize mbao za nchi nyingine, au nguzo za chuma, kama alivyofanya Sultani Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib katika mwaka 1883.

Mtu akishalijua jambo hilo dogo aweza kuisoma nyumba yoyote ya kale ya pwani, iwe Lamu, iwe Mombasa, iwe Bagamoyo. Asimame mlangoni, atazame boriti, na atajua ni wapi mwenye nyumba alitegemea mti wa kwao na ni wapi alitegemea fedha.

GHOROFA ZA KASRI

Tangu kufunguliwa kwake, makumbusho hayo yamepangwa kwa kufuata miaka, mgeni akianza chini na kupanda. Chini ni habari za zama za Seyyid Said, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na baada ya miaka michache akahamishia makao yake hapo kutoka Maskati. Humo mna nyaraka na mapatano ya biashara. Karatasi hazivutii kama viti vya enzi, na watu wengi huzipita mbio, lakini hizo ndizo ufunguo wa jumba zima. Sultani huyo alipatana na Wamarekani mwaka 1833, kisha na Waingereza mwaka 1839, kisha na Wafaransa mwaka 1844. Kwa nini Wamarekani walitangulia? Kwa sababu wafanya biashara wao walihitaji pembe, ngozi na sandarusi, nao walikuwa na kitambaa cha pamba, kigumu, cha bei rahisi. Kitambaa hicho kilienea bara yote hata kikawa kama fedha, na jina la watu waliokileta likabaki katika lugha yetu: merikani. Katika mwaka 1840 Seyyid Said alipeleka jahazi lake mwenyewe, Sultana, mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman akawa kitu cha ajabu katika mitaa ya mji ule, watu wakimtazama kama sisi tulivyowatazama wageni wa kwanza kwetu.

Lakini fedha iliyolijenga Kasri haikutoka katika pembe peke yake. Ilitoka pia katika karafuu. Mikarafuu ilikuwa imeletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na Seyyid Said akawashurutisha wenye mashamba waipande kwa wingi. Mkulima anayesoma makala haya atanielewa nikisema kwamba karafuu ni zao lenye kudai mikono. Haingoji. Ni vitumba vinavyochumwa kabla havijachanua; vikichanua, bei imekwisha. Mchumaji hupanda mtini, akavunja vikonyo kimoja kimoja, akashuka, akachambua, kisha vitumba vikaanikwa juani juu ya majamvi na kuondolewa mbio wingu litokeapo. Mikono hiyo yote ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watumwa, walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakavushwa bahari katika majahazi. Soko lao lilikuwa Mkunazini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kasri. Lilifungwa mwezi wa Juni, 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano akishurutishwa na Waingereza, na mahali pale likajengwa kanisa ambalo lingali likisimama. Utumwa wenyewe uliondolewa uhalali wake Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya si kabla ya mwaka 1907.

Ghorofa ya kati ni ya fahari. Ni zama za Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na waliomfuata. Barghash alikuwa mtu wa mambo mapya. Katika ujana wake alifukuzwa akakaa Bombay, na yale aliyoyaona huko aliyarudisha kwao: alileta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi za nje, jambo lililowafaa maskini kuliko majumba yake yote. Mgeni ataona viti vya enzi, kabati za mpingo, vioo, picha kubwa za masultani zilizochorwa kwa rangi, na meza ndefu ya karamu.

Ghorofa ya juu huwashangaza watu kwa sababu nyingine. Hapo ndipo alipokaa Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hata alipofariki mwezi wa Oktoba, 1960. Wazee wengi wa Mombasa wangali wakilikumbuka jina lake. Mtu hutazamia dhahabu, akakuta vitanda vya kawaida na kabati za fomika, kama zile ambazo karani mwenye mshahara mzuri angalizinunua Nairobi katika miaka ile. Wengine huguna kwa kukata tamaa. Mimi chumba hicho kilinipendeza kuliko vingine, kwa maana kinasema kweli: kufikia wakati huo Sultani alikuwa na heshima na mizinga ya salamu, lakini uwezo ulikuwa mikononi mwa Mwingereza, na kabati zilijua hivyo.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku niliyokwenda mimi tulikuwa watu kama 10 nyuma ya kijana mmoja aliyetuongoza, hodari wa maneno, mwenye tarehe zote kichwani. Tulipofika kwenye meza ya karamu akatueleza ni wageni gani waliokaribishwa, na vyombo vilitoka nchi gani. Kati yetu alikuwako mama mmoja mwenye umri, amejifunga leso mbili, amekuja na mjukuu wake. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya upole:

"Mwanangu, na hao wapishi, walilala wapi?"

Kijana alinyamaza kidogo. Akasema, "Bibi, swali hilo sijaulizwa bado." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Nadhani chini, au uani. Hapa hapakuandikwa."

Yule mama hakusema zaidi. Alitazama meza, akaihesabu viti kwa kidole, kama mtu apigaye hesabu ya sahani za kuoshwa. Tangu hapo sikuweza tena kulitazama Kasri kama nilivyokuwa nikilitazama. Kila chumba nilichoingia nilijiuliza: maji ya kuoga yalipandishwa na nani katika ngazi hizi? Taa hizi kabla ya umeme zilitiwa mafuta na nani? Godoro hili lilianikwa juani na nani? Kitanda kimebaki, na jina la aliyekilalia limeandikwa katika kibao; aliyekitandika hana kibao.

Wala jambo hilo si la Unguja tu. Makasri mengi duniani yaliyofanywa makumbusho yana ugonjwa uo huo. Kitu cha mpishi ni sufuria iliyotumika mpaka ikatoboka ikatupwa. Kitu cha mfalme ni kiti kisichokaliwa ila mara mbili kwa mwaka, nacho hudumu. Hivyo makumbusho hutuonyesha mambo yaliyotendeka mara chache na kutuficha yaliyotendeka kila siku.

BIBI SALME NA KALAMU YAKE

Kimo chumba kimoja ambamo mgeni aweza kusikia sauti ya mtu aliyeishi katika nyumba hizo. Ni chumba cha kumkumbuka Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji. Mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, mbali kaskazini. Zama zile binti za wakubwa walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika badala ya ubao. Elimu hiyo ya siri ilimponza upesi. Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yao Sultani Majid katika mwaka 1859, Salme, aliyekuwa msichana wa miaka 15 tu, ndiye aliyewaandikia barua wale wenye njama.

Katika mwaka 1866 alitoroka Unguja katika manowari ya Kiingereza kwa sababu ya mapenzi yake na mfanya biashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka uliofuata, akabatizwa akaitwa Emily, wakaenda Hamburg. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi isiyo yake. Kitabu cha maisha yake kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924.

Salme ni shahidi mwema wa mambo ya ndani: mavazi, vyakula, ugomvi wa ndugu, malezi ya watoto. Aeleza kwamba kasri la Mtoni peke yake lilikuwa na watu wapata 1,000. Fikiri hesabu hiyo. Seyyid Said alikuwa na watoto wengi na masuria wengi, lakini ukiwahesabu wote hawafiki hapo hata kwa mbali. Waliobaki ndio wapishi wetu, na mayaya, na wachota maji, na mabawabu. Hapa twakaribia kumjibu yule mama. Lakini yafaa msomaji ajue pia kwamba Salme aliutetea utumwa katika kitabu chake, akisema kwamba Wazungu hawauelewi na wanaharakisha kuuondoa. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, akayaona yale ambayo mtu huyaona akiwa amekaa mezani. Shahidi aweza kusema kweli juu ya chakula na akakosea juu ya aliyekipika.

ASUBUHI YA TAREHE 27 AGOSTI, 1896

Kuta azionazo mgeni leo si zile ambazo Salme alizijua. Nyumba ya kwanza mahali pale iliitwa Beit al-Sahel, Nyumba ya Ufukoni, na karibu nayo ilisimama Beit al-Hukm. Zilimalizwa kwa asubuhi moja.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula tarehe 25 Agosti, 1896. Siku ile ile binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia Kasri na wafuasi wake, akajitangaza kuwa Sultani bila idhini ya Waingereza. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wamejitwalia himaya ya Unguja, walimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Manowari 5 zikajipanga mbele ya mji. Khalid akapewa onyo kwamba ifikapo saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera yake na kutoka. Hakutoka, yasemekana hakuamini kwamba watapiga. Dakika mbili baada ya saa tatu walipiga.

Haikutimia hata saa moja. Wengine huihesabu kuwa dakika 38, wengine 45, na vitabu vingi huitaja kuwa vita fupi kuliko zote zilizoandikwa. Wasomaji wameisikia habari hiyo ikisimuliwa kama kichekesho, vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa. Naomba waifikiri tena. Ndani ya majumba yale, ambayo sehemu kubwa yalikuwa ya mbao, walikuwamo watu wapata 3,000: askari, wafuasi, watumishi na watumwa. Watu wapata 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakamvusha mpaka Dar es Salaam. Alikamatwa na Waingereza katika vita vya Wajerumani, akapelekwa uhamishoni, hatimaye akafariki Mombasa mwaka 1927. Wakubwa, hata walioshindwa, historia huwasindikiza mpaka kaburini. Wapishi walikuwa jikoni, kwa maana saa tatu ya asubuhi ndiyo saa ya kupika, na majina yao sikuyaona ukutani.

Beit al-Hukm haikuinuliwa tena. Mahali pa Beit al-Sahel likajengwa jumba hili jeupe, ambalo tangu mwaka 1911 likawa makao ya Sultani na jamaa yake.

CHOKAA NA SIMITI

Nimesema kwamba Beit al-Ajaib iliporomoka. Ilikuwa tarehe 25 Desemba, 2020, wakati wa kutengenezwa, na watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Nyumba iliyopigwa na mizinga mwaka 1896 ikasalimika karibu nzima, ikaja kuangushwa na maji ya mvua na uchakavu. Jambo hilo lawahusu wote wenye nyumba za mawe za kale, hata huku kwetu Lamu na Mombasa, kwa hiyo nitalieleza kidogo.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Mvua ikinyesha huingia unyevu. Jua likiwaka unyevu hutoka. Chokaa ni laini, na kila baada ya misimu kadhaa lazima ipakwe upya, kama mtu apakavyo mafuta mwilini. Kazi hiyo ni ya kuchosha wala haina fahari. Basi mtu hujisemea, Nipige lipu ya simiti mara moja nipumzike. Simiti ni ngumu, haipumui; unyevu ulioingia kwa paa au kutoka ardhini hufungiwa ndani ya ukuta, chokaa ya ndani hulegea, na ncha za boriti zilizotiwa ukutani huoza pasipo mtu kuona. Nje nyumba yang'ara, ndani imekufa. Adui mkubwa zaidi ni paa livujalo. Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba ukimpa fedha za kazi moja tu katika nyumba ya kale, ataziba paa na kuzibua makopo ya maji, na mengine yote atayaacha. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

MAKABURI, NA NJIA YA KUTOKA

Kando ya Kasri ni bustani ya makaburi ya masultani. Seyyid Said yumo. Alifariki baharini mwaka 1856, akisafiri kutoka Maskati kurudi Unguja, na mwili wake ukaletwa kuzikwa hapa. Mgeni aingie kwa adabu kama aingiavyo makaburini kwao. Na mjini vile vile avae mavazi ya heshima, maana ni mji wa Waislamu. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Wala asiguse kitu chochote ndani ya makumbusho, kwa kuwa jasho la mikono ya watu 1,000 huharibu mpingo kuliko mchwa. Kabla ya kukata tikiti ya chombo aulize kwanza kama milango iko wazi, kwani nyumba za kale hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, pengine kwa muda mrefu.

Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, hakuzikwa hapo. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963, na mwezi mmoja baadaye yakaja mapinduzi. Alikimbia kwa chombo chake mpaka Mombasa, akakataliwa kushuka, akageukia Dar es Salaam, kisha Uingereza, akakaa huko zaidi ya miaka 50. Mwaka 2020 aliruhusiwa kwenda Omani, akafariki huko mwezi wa Desemba, 2024. Kasri aliloliacha lilibadilishwa jina likawa la wananchi, likatumika kwa ofisi za Serikali mpaka lilipofanywa makumbusho.

Tulipomaliza kuzunguka, kijana wetu alituaga mlangoni, kila mtu akampa mkono. Yule mama alikuwa wa mwisho. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Mwanangu, ukilipata jibu liandike." Kijana akasema, "Inshallah, bibi." Mjukuu alikuwa angali ndani, chini ya ngazi, shingo ameipinda nyuma, akihesabu boriti za dari kwa sauti. Alikuwa amefika 41 bibi yake alipomwita, maana chombo kilikuwa karibu kuondoka.